Kichanga mwenye ngiri ya kiwambo: Kutoka ufuko wa Nyasa hadi meza ya upasuaji

Na Mwandishi Wetu

Mama anayejifungua Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, yuko kilomita 66 kutoka mji wa Mbinga. Kutoka Mbinga hadi Songea, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma, ni kilomita nyingine zinazokaribia 100. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Njombe, Makambako na Iringa, ni zaidi ya kilomita 900. Kwa mwenye gunia la kahawa au tenga la dagaa, masafa hayo ni hesabu ya nauli. Kwa kichanga aliyezaliwa na tundu katika kiwambo, masafa hayo ni sehemu ya maradhi yenyewe.

Makala haya yanahusu kasoro ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia, ijapokuwa si ajabu kama inavyodhaniwa. Humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 2,500 hadi 3,500 wanaozaliwa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, wanaozaliwa na kasoro hii nchini mwetu ni mamia kwa mwaka. Wangapi kati yao humfikia mpasuaji wakiwa hai ni suala jingine, na ndilo tunalotaka kulitazama, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu yake haimo mikononi mwa mpasuaji. Imo mikononi mwa mkunga wa zahanati, dereva wa gari la wagonjwa, na baba na mama wa mtoto.

Kiwambo na kazi yake

Kiwambo ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Jina lake limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma, na ndivyo ulivyo: umewambwa kutoka mbavu hadi mbavu. Juu yake kuna moyo na mapafu. Chini yake kuna ini, bandama, mfuko wa chakula na matumbo. Tunapovuta pumzi kiwambo hushuka, kifua kikapanuka na hewa ikaingia. Tunapotoa pumzi hupanda. Usiku na mchana, tukiwa macho au usingizini, kazi hiyo haikatiki mpaka siku ya mwisho ya uhai.

Mwenyezi Mungu anapomuumba mtoto tumboni mwa mama yake, kiwambo hakianzi kikiwa kipande kimoja. Hujengwa kwa sehemu kadhaa zinazokua zikielekeana, na kwa kawaida huwa zimekwisha kuungana kufikia wiki ya 10 ya mimba. Zisipoungana, hubaki tundu. Katika watoto zaidi ya 8 kati ya 10 wenye kasoro hii, tundu huwa upande wa kushoto, na mara nyingi huwa kwa nyuma, mahali ambapo mwanazuoni wa maumbile ya mwili, Vincent Bochdalek wa Prague, alipaeleza mwaka 1848. Mpaka leo ngiri ya mahali hapo huitwa kwa jina lake.

Kupitia tundu hilo, matumbo hupanda kifuani, na pengine mfuko wa chakula, bandama na hata sehemu ya ini hufuata. Huko juu huchukua nafasi ya mapafu na kuusukuma moyo upande wa pili. Haya yote hutokea mapema, wakati mapafu yanapotakiwa kuchipua matawi yake. Mkulima wa Umatengo anajua mbuni uliobanwa na mti mkubwa unavyokuwa: hausemwi kuwa umekufa, lakini hautandazi matawi, na hata mti ule ukiondolewa baadaye, haufidii mara moja miaka uliyokwisha kuikosa. Pafu la mtoto huyu ni mfano wa mbuni huo.

Tatizo kubwa ni pafu

Hapa ndipo watu wengi, na zamani hata matabibu, walipokosea kuielewa kasoro hii. Tundu linaonekana, kwa hiyo mtu hudhani kwamba likizibwa mambo yamekwisha. Lakini kinachomuua mtoto mara nyingi ni udogo wa mapafu na ugumu wa mishipa ya damu iliyomo ndani yake.

Ibn an-Nafis, tabibu Mwislamu aliyesomea Damascus na kufanya kazi Cairo katika karne ya 13, ndiye wa kwanza anayejulikana kueleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni ikakutana na hewa, kisha ikarudi upande wa kushoto. Mtoto akiwa tumboni, sehemu kubwa ya damu yake huyapita mapafu kando, kwa kuwa hewa safi anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma. Anapozaliwa na kulia, mishipa ya mapafuni hulegea, na damu ikaanza kushika njia ile aliyoieleza Ibn an-Nafis. Kwa mtoto mwenye ngiri ya kiwambo, mishipa hiyo ni michache, minene na yenye kukaza. Damu hukataliwa mlangoni, ikarudi kuuzunguka mwili bila oksijeni ya kutosha. Midomo hugeuka rangi ya buluu.

Mwaka 1946, daktari Robert Gross wa Boston, Marekani, alifanikiwa kumfanyia upasuaji mtoto mwenye kasoro hii aliyekuwa hajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Lilikuwa jambo kubwa, na kwa takriban miaka 40 iliyofuata kanuni ilikuwa moja: mkimbize mtoto chumba cha upasuaji usiku huo huo. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 madaktari waliona kwamba kukimbilia kisu hakukuwaongezea watoto uhai, na wengine hali ilizidi kuwa mbaya baada ya kupasuliwa. Kanuni ikageuka. Siku hizi mtoto hutulizwa kwanza: hupewa hewa kwa upole, mapigo ya moyo na mzunguko wa damu husawazishwa, na upasuaji husubiri saa nyingi au hata siku kadhaa mpaka mwili uweze kuuhimili.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika kumpasua mtoto huyu wamethibitika kusema kweli. Lakini kuna haraka nyingine isiyofaa kupunguzwa hata kidogo: haraka ya kumtambua na kumfikisha mahali anapoweza kusaidiwa kupumua.

Vifo visivyoandikwa

Mwaka 1978 daktari Michael Harrison wa San Francisco aliandika juu ya kile alichokiita vifo vilivyofichika vya ngiri ya kiwambo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja. Hospitali kubwa zilikuwa zikihesabu watoto waliofika kwao, na kuona kwamba wengi wamepona. Hazikuwahesabu wale waliofariki kabla ya kufika. Waliofika walikuwa wenye mapafu yenye nafuu. Wenye mapafu madogo zaidi walikwisha kuzikwa.

Ikiwa ilikuwa hivyo katika nchi tajiri, msomaji na apime ilivyo Lituhi, Liuli au Chiwanda. Mtoto anazaliwa, analia kidogo, anahema kwa shida, anabadilika rangi, na kabla ya adhuhuri amefariki. Kwa kuwa alizaliwa hai, anapewa jina, anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa. Hayo ndiyo mafundisho ya dini yetu, na ndani yake mna heshima kubwa kwa roho ndogo. Lakini mara nyingi hakuna anayeandika alikufa kwa sababu gani. Wengine husema alichoka, wengine husema alikunywa maji ya uzazi, na wengine hutaja jicho baya. Kizazi kinachofuata hakiachiwi somo lolote.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Lengo ambalo mataifa yamejiwekea kufikia mwaka 2030 ni kushusha idadi hiyo hadi 12 au pungufu. Nchi ikipiga hatua dhidi ya maambukizi na matatizo ya kujifungua, kasoro za kuzaliwa huanza kuonekana kama sehemu kubwa ya vifo vinavyobaki.

Tofauti baina ya nchi na nchi nayo inahuzunisha. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliowafuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za namna hii, ngiri ya kiwambo ikiwa mojawapo, katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi zenye kipato cha chini walifariki karibu watoto 40 katika kila 100. Katika nchi zenye kipato cha kati, 20. Na katika nchi tajiri, chini ya 6. Kasoro ni zile zile. Kilichotofautiana ni muda wa kufika, mashine, wauguzi na mikono yenye ujuzi.

Ni haki kusema pia kwamba hata waliojaliwa vifaa vyote hawaokoi kila mtoto. Katika vituo bora vya Ulaya na Marekani, hupona takriban watoto 7 kati ya 10 wenye ngiri ya kiwambo. Kwa wale ambao mapafu yao ni madogo kupindukia, baadhi ya vituo hivyo huingiza puto dogo katika koo la hewa la mtoto akiwa bado tumboni, ili mapafu yajae maji yake yenyewe na kukua. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika kundi hilo walionusurika walikuwa 40 kati ya 100, wakati waliohudumiwa kwa njia ya kawaida walinusurika 15. Mzazi wa Kitanzania aliyempoteza mtoto kwa maradhi haya asijione kwamba yeye peke yake ndiye aliyeshindwa.

Dalili ambazo mkunga na mzazi wanaweza kuziona

Mlango wa kwanza wa kuitambua kasoro hii ni kipimo cha altrasaundi wakati wa ujauzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mpimaji makini anaweza kuona moyo umesukumwa upande wa kulia, au mfuko wa chakula uko kifuani ubavuni mwa moyo. Faida ya kulijua hilo mapema ni kupanga mahali pa kujifungulia. Mtoto husafiri salama zaidi akiwa ndani ya tumbo la mama yake kuliko ndani ya gari lolote la wagonjwa. Mama aliyeambiwa habari hii akiwa na mimba ya miezi sita ana muda wa kwenda kukaa kwa ndugu karibu na hospitali kubwa kabla ya siku zake kutimia.

Wengi, hata hivyo, hugunduliwa baada ya kuzaliwa. Dalili zake ni hizi. Mtoto anapumua kwa kasi, zaidi ya mara 60 kwa dakika, au mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Midomo na ulimi vina rangi ya buluu. Kifua kimejaa, na tumbo limebonyea badala ya kuwa la mviringo kama la vichanga wengine, kwa kuwa vilivyotakiwa kuwa tumboni viko juu. Mapigo ya moyo yanasikika zaidi upande wa kulia. Pengine mkunga akiweka kipimo cha kusikilizia kifuani husikia ngurumo za matumbo. Picha ya eksirei humaliza ubishi.

Mtoto mwingine huzaliwa akiwa na nafuu, akanyonya, kisha akabadilika baada ya saa chache. Wapo pia wanaofikisha wiki au miezi kabla ya kugundulika: hutibiwa kikohozi na nimonia mara kwa mara, hutapika, hawaongezeki uzito. Hawa mara nyingi mapafu yao yalipata nafasi ya kukua, na matumaini ya kupona kwao ni makubwa. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ametibiwa nimonia mara ya pili na ya tatu bila nafuu ana haki ya kuuliza kwa adabu: “Daktari, je, kifua cha mwanangu kimepigwa picha?”

Jambo moja la kitaalamu linastahili kuandikwa hata katika gazeti la familia, kwa sababu linaokoa uhai. Mtoto mwenye shida ya kupumua huwekewa barakoa na kupulizwa hewa kwa mfuko. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo tiba. Kwa mtoto mwenye ngiri ya kiwambo, hewa hiyo huingia pia tumboni. Na kwa kuwa mfuko wa chakula na matumbo viko kifuani, hufura na kuyabana mapafu zaidi. Ndiyo maana wataalamu hufundishwa, wanapoishuku kasoro hii, kupitisha mapema mrija mwembamba puani au mdomoni hadi mfuko wa chakula ili kutoa hewa, na, penye ujuzi na vifaa, kuingiza mrija wa kupumulia moja kwa moja katika koo la hewa. Mtoto asiyepumua kabisa atasaidiwa kama taratibu za uokoaji zinavyoagiza. Lakini anayepumua mwenyewe hupewa oksijeni, huwekewa mrija wa tumboni, huinuliwa kichwa kidogo, hufunikwa apate joto, na halishwi kwa mdomo. Mrija huo ni kifaa cha bei ndogo, na unaweza kutumika hata katika kituo cha afya cha kando ya ziwa.

Njiani

Wilaya ya Nyasa iligawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, na barabara ya lami sasa inashuka kutoka nyanda za Umatengo hadi Mbamba Bay. Watu wazima wanaikumbuka safari hiyo ilivyokuwa masika, gari likikwama kwenye matope ya milimani. Ukanda huu pia una hospitali za wamisionari zilizojengwa kwa muda mrefu, Litembo kwenye milima ya Mbinga, Liuli ufukoni, na Peramiho karibu na Songea, ambazo zimewahudumia watu wa dini zote. Mwislamu asisite kukipeleka kichanga kwenye mlango ulio karibu kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake.

Kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, nchi yetu ina mfumo wa M-Mama, unaopokea simu bila malipo kwa namba 115. Mpokeaji wa simu huuliza hali ya mgonjwa, humwelekeza kwenye kituo kinachofaa, na hutafuta gari la wagonjwa au, lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo na iandikwe ukutani, karibu na kalenda ya swala, katika kila nyumba yenye mjamzito.

Upasuaji wa kasoro hii hufanywa na madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Nchini mwetu ni wachache, nao wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Mtoto wa Nyasa hupita Songea, na pengine hospitali ya kanda Mbeya, kabla ya kufika huko. Njia ya kutoka Songea hupanda hadi Njombe, penye mwinuko unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi na baridi ni kali. Mtoto aliyepata baridi hutumia oksijeni zaidi, na gesi iliyomo matumboni hutanuka kadiri unavyopanda, iwe kwa gari au kwa ndege. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoka Songea, mambo manne yanafaa kuhakikishwa: mrija wa tumboni upo na unatoa hewa, mtungi wa oksijeni unatosha safari nzima, mtoto amefunikwa vizuri, na hospitali inayompokea imekwisha kupigiwa simu. Mzazi anaweza kuyauliza yote manne bila kumkosea mtu heshima.

Kwenye meza ya upasuaji

Mtoto akifika na kutulia, kazi ya mpasuaji yenyewe inaeleweka. Baada ya dawa ya usingizi, hukatwa mkato mfupi chini ya mbavu za upande wenye tundu. Mpasuaji huvirudisha chini, kwa utaratibu, mfuko wa chakula, matumbo na bandama, akivikagua kimoja kimoja. Kisha hutazama kingo za tundu. Zikikutana bila kuvutwa sana, huzishona kwa nyuzi zisizoyeyuka. Tundu likiwa kubwa, huziba kwa kiraka cha kitambaa maalumu ambacho mwili hukivumilia, au kwa kipande cha msuli wa mtoto mwenyewe.

Tumbo la mtoto huyu lilizoea kuwa tupu, hivyo wakati mwingine hubana linapopokea vitu vyake, na mpasuaji hulazimika kulifunga kwa hatua. Pafu dogo halilazimishwi kujaa papo hapo, kwa maana likisukumwa kwa nguvu hupasuka. Huachwa lipanuke lenyewe taratibu, siku kwa siku, huku mashine ikimsaidia mtoto kupumua. Kwa kawaida kushona tundu huchukua saa chache tu. Kazi ndefu ni ya wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu, wanaokesha siku na wiki wakipima hewa, damu, mkojo na joto la mtoto mwenye uzito wa kilo tatu.

Wajibu wa familia na jamaa

Sera ya nchi inawasamehe wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 gharama za matibabu katika vituo vya umma. Hata hivyo nauli, chakula na malazi ya ndugu hubaki mzigo wa familia, na hata dawa na vifaa hununuliwa pale ambapo hospitali imeishiwa. Mvuvi au mkulima hawezi kuubeba mzigo huo peke yake kwa mwezi mzima katika mji asio na mwenyeji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, wakitukemea sisi tunaoona wepesi mizigo ya wengine. Jamaa wa msikiti wanaoweza kuchangia mabati na mazulia wanaweza pia kuweka mfuko mdogo wa dharura ya wazazi, unaofunguliwa usiku huo huo bila kusubiri kikao.

Kuna mila zinazohitaji kuelezwa vizuri ili zisimchelewesha mtoto. Mama wa nifasi amezoea kutunzwa ndani siku arobaini. Hilo ni jema, lakini si sharti linalomzuia kusafiri na mwanawe mgonjwa. Maziwa yake yanahitajika huko: hata mtoto asipoweza kunyonya, mama huyakamua kila baada ya saa tatu hivi, yahifadhiwe, naye asikaukiwe mpaka siku mtoto atakaporuhusiwa kulishwa. Akika hupendeza siku ya 7, na wanazuoni wametaja siku ya 14 na ya 21 kwa asiyeweza kabla. Mbuzi anaweza kusubiri, pumzi haisubiri. Adhana na dua vinaweza kufanyika hata kando ya mashine. Na baba, au anayemwakilisha, awe anapatikana kwa simu, kwa kuwa idhini ya upasuaji isiyo na mtu wa kuitia saini huwapotezea watoto saa nyingi.

Wala mama asilaumiwe. Hakuna chakula alichokula, kazi aliyoifanya shambani au neno alilolisema lililotoboa kiwambo cha mwanawe. Katika watoto wengi sababu haijulikani, na uwezekano wa kasoro hii kujirudia katika uzazi unaofuata ni mdogo. Maneno ya wifi na mama mkwe katika siku hizo hubaki moyoni mwa mzazi muda mrefu kuliko mshono unavyobaki mwilini mwa mtoto.

Mtoto aliyepona naye bado anahitaji jicho. Wengi hucheua na kutapika, huongezeka uzito polepole, na hupata magonjwa ya kifua kwa urahisi. Usikivu wao unafaa kupimwa, kwa kuwa baadhi hupungukiwa baadaye. Aliyewekewa kiraka anaweza kufunguka tena kadiri anavyokua. Kutapika mfululizo au kuhema ghafla ni dalili ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Karatasi ya ruhusa na picha za eksirei zihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, maana mganga wa Kigonsera au wa Kihagara atakayemwona mwaka ujao hatakuwa na njia nyingine ya kujua alichofanyiwa.

Tunaamini kwamba ajali ya kila kiumbe imeandikwa, na kwamba aliyeumba maradhi ameumba na dawa. Imani hiyo haijapata kuwa ruhusa ya kukaa. Yule ambaye mtoto wake atazaliwa mwezi ujao Mbinga, Liuli au Mbamba Bay ana mambo anayoweza kuyafanya wiki hii: kumpeleka mkewe kwenye kipimo, kuuliza matokeo yake kwa lugha anayoielewa, kuchagua kituo cha kujifungulia kabla ya uchungu kuanza, kuandika namba 115 mahali panapoonekana, na kuweka akiba ya nauli. Akishayafanya hayo, na ainue mikono yake kwa Mola wake, na jamaa zake waitikie amina.